Polisi, Zimamoto na Halmashauri: Ulinzi wa Mji wa Dodoma

Katika miji mingi ya Marekani, halmashauri huajiri polisi na wazimamoto wake na kuwalipa kwa kodi za wakazi, lakini Dodoma imepitia njia tofauti. Wagogo wa uwanda wa kati walijenga tembe, yaani nyumba fupi yenye paa bapa la miti lililofunikwa udongo, ambapo cheche ya mekoni haikukuta nyasi za kurukia, na hatari ilipotokea, yowe moja liliwatoa majirani wote.

Waingereza walipounda Jeshi la Polisi la Tanganyika mwaka 1919, makao yake makuu yakiwa Lushoto, waliliweka chini ya serikali kuu, na Uhuru haukubadili mpangilio huo, kwa kuwa Ibara ya 147 ya Katiba ya mwaka 1977 inaiachia Serikali peke yake mamlaka ya kuunda jeshi, polisi wakiwemo. Ndiyo maana Kamanda wa Polisi wa Mkoa huwajibika kwa Inspekta Jenerali wala si kwa meya, na halmashauri imebaki na mgambo, askari wanaosimamia sheria ndogo, yaani kanuni ambazo madiwani hutunga kuhusu usafi, masoko na ujenzi.

Zimamoto, kwa upande wake, ilikuwa kazi ya halmashauri, na uwezo wa kila kikosi ulitegemea mapato ya mji wake, hadi Sheria Na. 14 ya mwaka 2007 ilipounda Jeshi la Zimamoto na Uokoaji chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Upangaji wa mji ulielekea upande wa pili: Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia serikali Dodoma, ilivunjwa mwaka 2017, na kazi ya kupima na kugawa viwanja ikarudi kwa halmashauri, ambayo mwaka 2018 ilipandishwa hadhi kuwa ya jiji.

Hivyo gari la zimamoto ni la taifa, lakini barabara linayopita ni ya ramani ya jiji, na maji ya kulijaza tena hutoka katika mamlaka ya maji, inayotegemea zaidi visima vya Makutupora katika nchi hii kame. Halmashauri inapoidhinisha uchochoro ambao gari hilo haliwezi kupita, huwa imekwisha kuamua hatima ya nyumba zilizo mwisho wake. Kwa hiyo, ingawa haiajiri tena wazimamoto, jukumu la kuwalinda wakazi dhidi ya moto bado ni lake.