Nyoka Ndani ya Jina: Xiconhoca na Sikio la Pwani ya Kaskazini ya Cabo Delgado

Katika fasihi ya Kiswahili, jina la mhusika mara nyingi hubeba hukumu yake waziwazi. Shaaban Robert aliwaita nduguze Adili Hasidi na Mwivu. Katika Kusadikika, anayemshitaki Karama ni Majivuno. Makala haya yanachunguza jina la namna nyingine, ambalo maana yake imefichwa na tahajia ya lugha ya kigeni: Xiconhoca, mhusika wa katuni za FRELIMO baada ya uhuru wa Msumbiji wa tarehe 25 Juni 1975. Hoja yake ni kwamba katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado mchezo huo wa maneno ulieleweka kwa sikio zaidi kuliko kwa jicho, na kwamba jambo hilo lilikuwa na uzito wa kisiasa.

Xiconhoca alichorwa kama mlevi, mvivu, mlanguzi, afisa mzembe na mkabila. Mwaka 1979, idara ya itikadi ya FRELIMO ilichapisha kijitabu cha katuni hizo ambacho jina lake lenyewe lilimtangaza kuwa adui. Jina hilo limeungwa kwa vipande viwili. Xico limetokana na Xico-Feio, yaani Xico mwenye sura mbaya, jina la utani la mtumishi wa PIDE, polisi wa siri wa utawala wa Kireno. Nhoca ni nyoka, neno linalosikika katika lugha nyingi za Kibantu.

Tahajia ndiyo iliyomfunika nyoka huyo. Kireno huandika nh palipo na ny, na c palipo na k. Aliyejifunza kusoma kwa Kiswahili, au kwa hati za Kiarabu kama ilivyokuwa desturi ya siku nyingi pwani, angeweza kulitazama neno hilo asione kitu. Likisomwa kwa sauti mkutanoni, nyoka hujitokeza papo hapo. Katika nchi ambayo wakati wa uhuru watu wazima walio wengi hawakujua kusoma, usomaji wa namna hiyo ulikuwa na nafasi kubwa.

Kutoka Palma hadi Ibo husemwa Kimwani, jirani wa karibu wa Kiswahili. Kiswahili chenyewe kilifika huko kwa majahazi na vyuo vya Kurani, kisha kikapata nguvu mpya katika vita vya ukombozi: FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, na wapiganaji wake walifunzwa Kongwa na Nachingwea. Kwa msikilizaji wa pwani hiyo, nusu ya pili ya jina haikuhitaji mkalimani. Nusu ya kwanza ilihitaji maelezo, kwa kuwa ilitegemea jina la utani la Kireno la mtu mmoja. Hata hivyo PIDE haikuwa ngeni, kwani ngome ya São João kisiwani Ibo ilitumika kuwa gereza katika miaka ya vita.

Uteuzi wa mnyama nao una maana. Tanzania, baada ya Azimio la Arusha la 1967, mnyonyaji aliitwa kupe. Kupe huonekana juu ya ngozi, naye hubanduliwa. Nyoka hujificha ndani ya nyumba, naye huuawa. Tamathali ya kwanza inaelekeza kwenye kuondoa unyonyaji. Ya pili inaelekeza kwenye kumsaka mtu.

Hatari ilianza pale jina la mhusika lilipogeuka kuwa jina la kumwitia jirani. Baada ya Kongamano la Tatu la FRELIMO, Februari 1977, lililokifanya chama kuwa cha Kimarx-Kilenin, mfanyabiashara mdogo aliyevusha bidhaa Ruvuma angeweza kuitwa mlanguzi, na kwa hiyo Xiconhoca. Jina lenyewe lilimnyima utetezi: ikiwa sifa ya nyoka ni kujificha, basi kukana kwake huhesabiwa kuwa ushahidi.

Hasidi na Mwivu wa Shaaban Robert walibaki ndani ya hadithi, na msomaji akajipima kwao. Xiconhoca alitoka kwenye karatasi. Kwa hiyo, uchambuzi wa majina ya wahusika hauna budi kuuliza, pamoja na maana ya jina, nani aliyelisikia, kwa lugha gani, na nani aliyebandikwa.