Pistole mu Sanduku, Karatasi mu Mkono: Safari ya Salisbury 1977



Mwezi uliopita rafiki mmoja tuliyesoma naye iniversite, sasa anaishi Ulaya, alinitumia picha ku telefone. Yeye na marafiki zake watatu wako ku eropori, wanacheka, kila mmoja ameshika kasanduku keusi kenye kufuli. Nikamuuliza: "Grand, mumeingia fanfare? Hizo ni trompeti?" Akajibu: "Apana, petit. Hizi ni pistole. Tunaenda ku mashindano, inchi ya jirani. Utuombee."

Nilikaa na ile telefone mu mkono bila kujua nijibu nini. Mimi nilikuwaka mtoto mu Bukavu mwaka wa 1996. Kwetu mtu akitoa pistole, hatukuulizaka kama analenga vizuri. Mama alitulalisha chini, matela juu yetu, na tulihesabu milio mpaka inanyamaza. Sasa ndugu yangu, ambaye alilala chini kama mimi, anapanda ndege na silaha kwa kucheza. Nimupongeze, ao nimulilie?

Kwa sababu nilisoma historia, nilifanya kile watu wa historia wanafanyaka: nikatafuta huu mchezo umetoka wapi. Nikakuta njia yake inapita mu Afrika, tena mahali pabaya.

Kwanza, mchezo wenyewe. Wafaransa wanauita Tir Sportif de Vitesse. Mchezaji hasimami pamoja kama ku shabaha ya Olimpiki. Anakimbia, anainama, anapita nyuma ya kuta za mbao, anapiga shabaha za kartoni na sahani za chuma. Saa inaanza na mlio mdogo, inasimama na lisasi ya mwisho. Kisha wanachukua pointi, wanazigawanya kwa sekonde. Ukiwa mwepesi lakini unakosa, umepoteza. Ukilenga vizuri lakini unatembea kama kinyonga, umepoteza vilevile. Neno lao la Kilatini ni Diligentia, Vis, Celeritas: uangalifu, nguvu, wepesi.

Kuna jambo moja lilinigusa. Lisasi nzuri kabisa ku kartoni inakupa pointi 5. Lakini katikati ya zile kartoni wanaweka ingine yenye alama, maana yake: huyu hana kosa, usimupige. Ukimupiga wanakukata pointi 10. Yaani kugusa asiye na kosa kunabomoa mara mbili ya kile ulichojenga. Niliposoma pale, nilifunga kompyuta kwa muda.

Tena kuna sheria za usalama, na hizo hazina huruma. Mdomo wa pistole usigeuke nyuma kwa watu, hata kidogo. Ukitembea, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Pistole ikikuanguka, umekwisha. Hakuna kuitoa ovyo, na ukimaliza unamuonyesha arbitri kwamba ndani hakuna kitu. Mtu anaweza kulipa tiketi ya ndege, kulala hoteli, kuvuka bahari, alafu mdomo wa pistole unapita kidogo tu ule mpaka, na siku ile ile arbitri anamwambia: funga sanduku lako, mashindano yako yameisha. Akiwa bingwa ao mwanafunzi, ni sawa.

Sasa mwanzo wake. Mu miaka ya 1950, ku Big Bear Lake, mu milima ya California, kulikuwaka afisa wa zamani wa Marines aliyeitwa Jeff Cooper. Alipigana vita ya pili ya dunia, na baadaye alifundisha historia pia. Wakati ule sinema za cowboy zilifanya watu wapende kuchomoa pistole haraka na kupiga kutoka kiunoni. Cooper na marafiki zake wakaanzisha mashindano ili waone nini kinafanya kazi kweli. Askari mmoja wa polisi, Jack Weaver, akaanza kushika pistole kwa mikono miwili na kutazama kilengeo, akawashinda wale wa kiunoni. Watu wakacheka kwanza, kisha wakaiga.

Mchezo ukavuka bahari na marafiki waliokuwa wanatembeleana. Mwaka wa 1975 walikutana Zürich, Uswisi, kwa ubingwa wa kwanza wa dunia, na Mmarekani Ray Chapman akashinda. Mwezi wa 5 mwaka wa 1976 wakakaa mukutano Columbia, Missouri, wakaanzisha shirika la dunia, IPSC, na Cooper akawa prezida wa kwanza. Mwaka ule ule wakaenda Salzburg, Austria, na Jan Foss wa Norway akashinda. Mpaka hapo ni hadithi nzuri ya watu wanaopenda kitu kimoja.

Mwaka wa 1977 wakachagua Salisbury, Rhodesia.

Wadogo zetu wengine hawajui jina hilo, basi tueleze. Salisbury njo Harare ya leo. Rhodesia njo Zimbabwe. Tarehe 11 mwezi wa 11 mwaka wa 1965, Ian Smith na wazungu wenzake walijitangazia uhuru wao wenyewe, ili walio wengi wasitawale. Wazungu walikuwa chini ya 5 kwa mia ya watu wote. Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo, na mwaka wa 1968 ukavikaza: hakuna biashara, na kila serikali iliamriwa isipokee mtu anayesafiri na pasipoti ya Rhodesia. Ku Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972, timu ya Rhodesia ilikuwa imekwisha kufika, lakini inchi za Afrika zikasema: wakicheza, sisi tunarudi nyumbani. Komite ikapiga kura, 36 kwa 31, Rhodesia ikatolewa.

Sasa ona. Michezo mingine ilifunga mlango, huu ukaingia. Nimejaribu kufikiri safari yao. Njia iliyobaki wazi ilikuwa kupitia Afrika Kusini, kwa sababu serikali ya Pretoria haikufuata vikwazo. Unafika na sanduku lako. Pistole haina lisasi, lisasi ziko pembeni, karatasi ziko mu mkono. Mtu wa duane anasoma, anapiga muhuri, anasema karibu. Pengine alitabasamu. Inchi iliyokataliwa na dunia inafurahia kila mgeni.

Lakini mu inchi ile ile, mwaka wa 1967, serikali ya Smith ilikuwa imeweka sheria: anayekutwa na silaha za vita, adhabu yake ni kifo. Kila mtu alijua sheria ile inamtafuta nani. Na mwaka wa 1977 wenyewe vita ilikuwa moto, wapiganaji wakiingia kutoka Msumbiji na Zambia. Mwezi wa 11 wa mwaka ule jeshi la Rhodesia lilivuka mpaka, likapiga kambi ya Chimoio mu Msumbiji. Mamia ya watu walikufa, kati yao wanawake na watoto. Kule hakuna mtu aliyehesabu kartoni zenye alama.

Njo pale nilisimama. Mu mji mmoja, pistole mu mkono wa mmoja ni kombe, mu mkono wa mwingine ni kamba ya shingo. Chuma ni kile kile. Kinachobadilika ni karatasi, na mtu anayeandika karatasi.

Aliyeshinda Salisbury alikuwa mtoto wa pale, Dave Westerhout. Wamarekani waliamini pistole yao kubwa ya 11,43 milimita. Yeye alitumia Browning ya milimita 9, ile tunaita GP. Wakubwa mu page hii wanaijua vizuri. John Browning, Mmarekani, alianza kuichora. Alikufa mwaka wa 1926 mu kiwanda cha Herstal karibu na Liège, na Mbelgiji Dieudonné Saive akaimaliza. Jeshi la Ubelgiji liliichukua mwaka wa 1935, inabeba lisasi 13. Ile GP ilifika kwetu pia, ku mukanda wa ma-afisa. Hakuna mtu aliyeipa medali hapa. Nataka tu tuone kwamba hii si hadithi ya wazungu wa mbali. Kile chuma tumekionaka kwa macho.

Sasa, je, wale marafiki walioenda Salisbury walikuwa watu wabaya? Wengine watasema ndiyo, mara moja. Mimi sitaki kuhukumu haraka, kwa sababu sisi pia tuna kumbukumbu yetu. Tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka wa 1974, Kinshasa ilipokea Muhammad Ali na George Foreman. Baba zetu wanasimulia mpaka leo, na furaha yao ilikuwa ya kweli. Lakini ni Mobutu aliyelipa, na ni Mobutu aliyepata jina. Ali hakujenga magereza ya Mobutu. Ngumi zilikuwa safi, lakini nyumba iliyozipokea haikuwa safi. Mchezaji anaweza kuwa mtu muzuri na bado safari yake ikamsaidia mtu mubaya. Hayo mambo mawili yanaweza kusimama pamoja, na mwanahistoria hana ruhusa ya kutupa moja ili habari yake iwe tamu.

Tena kuna lingine, nalo linaniuma zaidi. Ndani ya uwanja wa Salisbury, sheria ilikuwa sawa kwa kila mtu aliyeingia. Ukigeuza pistole nyuma, unatoka, ukiwa mwenyeji ao mgeni. Nje ya ule uwanja sheria ilikuwa na nyuso mbili. Wale watu walijua kabisa namna sheria ya haki inafanya kazi. Waliipenda, waliiandika, waliifuata kwa milimita. Lakini waliifuata mu mchezo, na mu maisha waliiacha.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka wa 1979 ubingwa ulienda Roodepoort, Afrika Kusini, wakati wa apartheid bado. Mwezi wa 12 mwaka ule mapatano yalisainiwa Lancaster House, London. Tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka wa 1980 Zimbabwe ikapata uhuru, na miaka miwili baadaye Salisbury ikaitwa Harare. Mchezo uliendelea kusafiri: Cebu mu Ufilipino mwaka wa 1999, ambapo Mfaransa Eric Grauffel alishinda; Pietersburg mwaka wa 2002, mu Afrika Kusini ambayo sasa kila mtu anapiga kura; Châteauroux, Ufaransa, mwaka wa 2017. Leo anayesafiri na pistole lazima aitangaze ku kampuni ya ndege, iwe tupu, mu sanduku lenye kufuli, mu mizigo ya chini, na ruhusa ya inchi anayotoka na ya inchi anayoingia. Rafiki yangu aliniambia anatumia wakati mwingi ku karatasi kuliko ku mazoezi.

Kwetu pia karatasi zipo. Tangu tarehe 3 mwezi wa 9 mwaka wa 1985 tuko na sheria juu ya silaha na munition. Hatukosi sheria. Tunakosa arbitri mwenye kumwambia kila mtu, ata mwenye cheo, ata mwenye kundi lake mu pori: mdomo wa silaha umegeuka kwa watu, funga sanduku, umetoka.

Siku tatu nilikaa bila kujibu ile picha. Mwishowe nilimwandikia hivi: "Grand, sitakuombea ushinde. Nitakuombea usiguse kartoni yenye alama. Na ukirudi, uje Bukavu, utueleze namna watu wanne wenye silaha wanaweza kumsikiliza mtu mmoja asiye na silaha, mwenye filimbi tu."

Akajibu kisha saa moja: "Petit, hakuna filimbi. Ni sauti tu. Na tunasikiliza."

Hakushinda kitu, alikuwa katikati ya listi. Lakini hakukatwa ata pointi moja kwa kugusa asiye na kosa. Ile listi aliinitumia pia, na nimeihifadhi.

Wandugu, mimi nimemaliza. Wale walioishi miaka ya 1970, sana sana waliopitaka Lusaka ao Salisbury kwa masomo ao biashara, tunawaomba muandike mulichokiona, mbele kumbukumbu haijaenda na wenyewe.