Vidonge vya majira vyenye vichocheo viwili

Vidonge hivi vya uzazi wa mpango humezwa kila siku na vina estrojeni na projestini. Huzuia yai lisipevuke, na huufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito hata mbegu za kiume zishindwe kupita. Enovid, cha kwanza cha aina hii, kiliidhinishwa Marekani mwaka 1960 kikiwa na vichocheo mara kadhaa zaidi ya vya leo. Siku hizi kidonge cha kawaida kina mikrogramu 30 za ethinilestradioli na 150 za levonogestreli.

Kabla ya kuanza, mwanamke apimwe shinikizo la damu na aulizwe historia yake. Mwenye 140/90 au zaidi kwa kawaida hushauriwa njia nyingine. Vidonge hivi havimfai aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni, kupata kiharusi au saratani ya matiti, wala mwenye ugonjwa mkali wa ini au kipandauso kinachotanguliwa na vimulimuli machoni. Mvutaji sigara aliyefikisha miaka 35 atafute njia nyingine, na anayenyonyesha asubiri mtoto afikishe miezi 6. Kwa hiyo kuazimana pakiti ni hatari: iliyomfaa dada inaweza kumdhuru mdogo wake.

Anayeanza ndani ya siku 5 za mwanzo za hedhi hukingwa papo hapo. Anayeanza baadaye atumie kondomu kwa siku 7.

Katika pakiti ya vidonge 28, 21 vina vichocheo. Vile 7 vya mwisho, ambavyo mara nyingi ni vya rangi ya kahawia, huwa na madini ya chuma tu, na kusahau hivyo hakuharibu kinga. Hatari kubwa ni kuchelewa kuanza pakiti mpya, kwa sababu mwili ukikosa vichocheo zaidi ya siku 7 yai linaweza kupevuka. Jambo hili halisisitizwi vya kutosha. Aliyesahau kidonge kimoja au viwili ameze mara akumbukapo, hata ikibidi viwili kwa siku. Aliyekosa 3 mfululizo aendelee na vidonge, lakini atumie kondomu kwa siku 7. Kama ni wiki ya tatu, aviache vya kahawia na kuanza pakiti mpya mara moja. Anayetapika ndani ya saa 2 ameze kingine.

Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hupunguza nguvu ya vidonge, kama zifanyavyo karbamazepini na fenitoini za kifafa. Amoksilini haina tatizo hilo.

Kichefuchefu na matone ya damu katika miezi ya mwanzo hupungua vyenyewe. Kuganda kwa damu ni nadra: kwa mwaka huwapata wanawake 5 hadi 7 kati ya 10,000 wanaotumia vidonge vya levonogestreli, dhidi ya 2 kati ya wasiotumia, na ujauzito wenyewe huongeza hatari hiyo zaidi. Hata hivyo, maumivu makali ya kifua au tumbo, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kichwa kuuma kupita kawaida, kuona kwa shida au macho kuwa ya manjano ni sababu ya kuacha vidonge na kwenda hospitali siku hiyohiyo.