Samadi ya Farasi na Joto la Udongo

Mbegu ya pilipili, ambayo asili yake ni Amerika na iliyovushwa bahari hadi Uhispania baada ya safari za Columbus za miaka ya 1490, haichipui vyema ila udongo ufikiapo nyuzi 25 hadi 30, na kwa sababu hiyo wakulima wa Ulaya, waliolazimika kuiatika kabla baridi haijaondoka, waliirejea hila ya kale ya kuupasha udongo joto kwa samadi. Tangu karne ya kwanza, Columella wa Roma alikwisha kueleza habari za matango yaliyooteshwa vikapuni katika udongo wenye samadi.

Lakini waliokamilisha fani hii, kwa rai yangu, ni watunza bustani wa Paris wa karne ya 19, ambao walikusanya samadi mbichi kutoka mabanda ya farasi, wakaitia maji, wakaikanyaga, wakatandika udongo juu yake na kuufunika kwa vioo. Kisha, kwa subira ya kusifiwa, wakangoja ukali wa joto upungue, maana joto la kupindukia huua mbegu.

Magari yalipowaondoa farasi mjini, samadi iliadimika, na nyaya za umeme zikaja kuirithi kazi yake.