Ureno: Nchi inayoelemea baharini

JAMHURI ya Ureno iko kusini magharibi mwa bara la Ulaya, kwenye Rasi ya Iberia. Inapakana na nchi moja tu, Hispania, upande wa kaskazini na mashariki. Magharibi na kusini ni Bahari ya Atlantiki. Mara nyingi huhesabiwa miongoni mwa nchi za Mediterania kwa sababu ya hali ya hewa, mizeituni na mizabibu yake, ingawa haina pwani katika bahari hiyo.

Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 92,000. Mpaka wake na Hispania ni miongoni mwa mipaka mikongwe zaidi barani Ulaya, kwani sehemu kubwa iliwekwa kwa mkataba wa Alcañices wa mwaka 1297. Cabo da Roca, magharibi mwa mji mkuu wa Lisbon, ndiyo ncha ya magharibi kabisa ya Ulaya bara.

Kaskazini na kusini

Mto Tejo, unaotokea Hispania na kumwaga maji yake Lisbon, huigawa nchi katika sehemu mbili zisizofanana. Kaskazini ni nchi ya milima, mvua na mashamba madogo madogo. Huko ndiko uliko Serra da Estrela, mlima mrefu kuliko yote ya Ureno bara wenye mita 1,993, na bonde la Mto Douro, ambalo mipaka ya eneo lake la mvinyo ilianza kuwekwa mwaka 1756. Mji mkubwa wa kaskazini ni Porto.

Kusini mwa Tejo ardhi hushuka na kuwa tambarare. Mkoa wa Alentejo, unaochukua karibu theluthi moja ya nchi, una mashamba makubwa ya ngano na mizeituni, pamoja na mialoni ambayo magome yake hutengenezwa vizibo vya chupa. Karibu nusu ya magome hayo duniani hutoka Ureno. Kusini kabisa ni Algarve, mkoa wa fukwe unaotegemea zaidi utalii.

Mbali baharini kuna visiwa vya Madeira, karibu kilomita 1,000 kusini magharibi mwa Lisbon, na visiwa tisa vya Azores. Kilele cha juu kabisa cha Ureno yote kiko huko Azores: ni mlima wa volkano wa Pico, wenye mita 2,351.

Utawala

Madeira na Azores zina mamlaka ya ndani, yaani serikali na mabunge yao, chini ya Katiba ya mwaka 1976. Ureno bara ina wilaya 18, ambazo leo hutumika hasa kama majimbo ya uchaguzi wa Bunge. Katiba hiyo ilikusudia pia kuundwa kwa mikoa yenye mamlaka huko bara, lakini wananchi waliikataa katika kura ya maoni ya Novemba 1998. Kwa sababu hiyo, kati ya Serikali Kuu na manispaa 308 za nchi nzima, hakuna ngazi ya kati iliyochaguliwa moja kwa moja na wananchi wa bara.

Watu

Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu watu 10,343,066, pungufu ya takriban 219,000 ikilinganishwa na ya mwaka 2011. Eneo la jiji la Lisbon na vitongoji vyake lilikuwa na watu milioni 2.87, zaidi ya robo ya Wareno wote. Alentejo, iliyo kubwa mara kumi kwa ardhi, ilikuwa na watu 704,000 hivi, sawa na watu 22 kwa kila kilomita moja ya mraba.

Manispaa zaidi ya nne katika kila tano zilipoteza wakazi katika miaka hiyo kumi. Kuhama si jambo jipya: katika miaka ya 1960 mamia kwa maelfu ya Wareno walikwenda Ufaransa na Ujerumani, wengi wakikimbia umaskini na vita vya kikoloni barani Afrika. Baada ya uhuru wa Angola na Msumbiji mwaka 1975, karibu nusu milioni walirejea kutoka makoloni. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2011 uliwaondosha vijana tena.

Vijiji vya bara ya ndani vimebaki na wazee. Shule nyingi ndogo zimefungwa, na mashamba yaliyotelekezwa yameota vichaka vinavyoshika moto upesi wakati wa kiangazi. Juni 2017, moto ulioanzia Pedrógão Grande, katikati mwa nchi, uliua watu 66. Oktoba mwaka huo huo makumi ya watu wengine walikufa katika mioto mingine.

Wageni ndio waliogeuza mwelekeo wa takwimu. Mwishoni mwa mwaka 2023 idadi ya watu ilikadiriwa kuzidi milioni 10.6, Wabrazili wakiwa kundi kubwa zaidi la wahamiaji. Hata ndani ya Alentejo, manispaa ya pwani ya Odemira iliongeza wakazi kwa sababu ya vibarua kutoka Asia ya Kusini wanaochuma matunda katika vitalu nyumba.

Pwani hiyo hiyo ya Alentejo ndiko alikozaliwa Vasco da Gama, katika mji wa Sines, kabla ya kufika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Wareno waliomfuata walianza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na lugha yao ikakiachia Kiswahili maneno kama meza, leso na gereza. Sines ya leo ni bandari kubwa ya makontena. Kilomita chache kutoka baharini, vijiji vinaendelea kupungua watu.