Divai ya Misa mbele ya tribinali: serikali mbili za Marekani, 1917–1933

Ndugu waseminari, na ninyi wakatekista mnaosoma kurasa hizi jioni baada ya kazi, mmekwisha kusikia mara nyingi ya kwamba Marekani ni nchi ya uhuru. Ni kweli. Lakini katika nchi ileile, mwaka 1917, padri mmoja alikatazwa kupokea divai ya Misa. Waliomkataza hawakuwa wapagani. Walikuwa watu wanaosali kila Dominika, nao walitaka tu kuwaponya baba za watu na ulevi.

Kwanza yafaa tujue ya kuwa raia wa Marekani yuko chini ya serikali mbili. Jimbo lake lina katiba yake, gavana wake, wabunge wake na tribinali zake. Tena juu ya majimbo yote iko serikali kuu ya Washington. Wazee waliotunga katiba ile mwaka 1787 walitumaini ya kwamba serikali hizo mbili zitachungana: moja ikimwonea raia, nyingine itamtetea. Kwetu Kongo pia tumebishana sana juu ya jambo hilo. Katiba ya Luluabourg ya mwaka 1964 iliyapa majimbo nguvu nyingi, ile ya mwaka 1967 ikazirudisha Kinshasa. Wengi walidhani ya kuwa serikali ikikaa karibu na watu, uonevu utapungua. Tutazame basi Oklahoma.

Jimbo hilo lilikataza pombe tangu lilipozaliwa, mwaka 1907. Lakini watu walikuwa wakiagiza chupa zao kwa treni kutoka majimbo ya jirani. Mwaka 1917 wabunge wakatunga sheria kali zaidi, ambayo watu waliiita sheria ya “kavu kama mfupa”: hakuna kuuza, hakuna kuleta, hakuna hata kupokea. Mwaka uleule Bunge la Washington nalo lilikuwa limekataza kupeleka pombe katika majimbo makavu, lakini liliweka neno moja la kuokoa: isipokuwa kwa dawa, kwa elimu, kwa kazi za ufundi na kwa sakramenti. Wabunge wa Oklahoma hawakuiweka divai ya sakramenti kando. Kwa hiyo, katika jambo hili, serikali ya mbali ilikuwa na huruma kuliko ile ya karibu.

Askofu wa Oklahoma wakati huo alikuwa Mbelgiji, Théophile Meerschaert, na katika mapadri wake alikuwako Mbelgiji mwingine, Urbain de Hasque. Padri huyu aliagiza divai ya altare. Kampuni ya treni ya Santa Fe ikakataa kuibeba, kwa hofu ya sheria. Ndipo Padri de Hasque alipokwenda mbele ya tribinali. Hakuificha divai ndani ya sanduku la vitabu, wala hakumpa karani wa treni kitu mkononi. Alitaka hakimu aseme hadharani kama Misa imekuwa kosa katika nchi ile. Tribinali ya kwanza ilimshinda. Aliomba hukumu ya pili, na katika mwezi wa tano 1918 Tribinali Kuu ya Oklahoma ilimpa haki: watunga sheria walikusudia kuzuia ulevi, hawakukusudia kuzuia ibada, kwa hiyo divai ya sakramenti haimo katika sheria ile.

Padri anayesoma haya anajua kwa nini jambo halikuwa dogo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa, uliotangazwa mwaka uleule wa 1917, ulidai katika kanuni 815 divai ya asili, iliyotoka katika zabibu, isiyoharibika. Maji ya zabibu yaliyochemshwa katika kiwanda yasingetosha kwa dhamiri ya padri. Bila divai hakuna Misa.

Lakini sheria ya majimbo haikutosha kwa wale waliopenda kukataza. Mwaka 1919 geuzo la 18 la katiba lilikubaliwa, na tangu tarehe 17 Januari 1920 pombe ikakatazwa katika nchi yote. Prezida Wilson alikataa kutia sahihi sheria ya kulitekeleza, ile iliyoitwa sheria ya Volstead. Wabunge wakaipitisha juu ya kukataa kwake. Safari hii divai ya Misa iliachwa huru, lakini kwa karatasi: padri aandike, ofisi ya Washington itoe ruhusa, mchuuzi aiweke ruhusa ile katika vitabu vyake. Tuseme kweli yote: ruhusa hiyo iliibiwa sana. Walitokea watu waliojiita wahudumu wa dini wasio na kanisa wala sinagogi, na divai “ya ibada” ikajaa katika nyumba ambamo hapakusaliwa kitu.

Katika Kanisa mawazo hayakuwa mamoja. Askofu mkuu Ireland wa Saint Paul alikuwa amehubiri miaka mingi kinyume cha pombe, kwani aliona jamaa za Waairlandi zikiharibika. Kardinali Gibbons wa Baltimore aliikataa sheria yenyewe waziwazi. Kwake kiasi ni fadhila ya moyo, na polisi hawezi kuitia mtu kwa nguvu. Mimi nafikiri Gibbons aliona mbali zaidi. Tena naogopa hatari nyingine: mtu akiisha kupewa ruhusa yake mwenyewe, ni rahisi kunyamaza juu ya jirani asiyeipata.

Na jirani aliumia. Serikali kuu iliagiza alkoholi ya viwanda itiwe sumu ili isinywewe. Wachuuzi wa siri waliiuza hata hivyo, na watu wakafa. Huko Michigan, mwishoni mwa mwaka 1928, mama wa watoto kumi alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuuza pombe kidogo, kwa kuwa lilikuwa kosa lake la nne. Adhabu ilipunguzwa baadaye, baada ya kelele nyingi. Msomaji wa Katanga anayekumbuka wazee wakisimulia namna lutuku ilivyowindwa zamani za Wabelgiji hatashangaa sana. Sheria ya namna hii humkamata mama mwenye chungu kabla ya mkubwa mwenye magari.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili. Geuzo la 18 lilisema ya kwamba Washington na majimbo yote yatakuwa na mamlaka ya kulitekeleza. Basi, katika jimbo la Washington, kule kaskazini kando ya Kanada, Lanza na wenzake walishitakiwa kwa kutengeneza pombe, kuisafirisha na kuwa nayo. Tribinali ya jimbo iliwatoza kila mmoja dola 750. Baadaye serikali kuu ikawashitaki tena, kwa pombe ileile. Walilia: katiba inakataza mtu kuhukumiwa mara mbili kwa kosa moja! Mwezi wa kumi na mbili 1922 Tribinali Kuu ya nchi ilijibu kwa mdomo wa mkuu wake, Taft: serikali ni mbili, sheria ni mbili, kwa hiyo makosa pia ni mawili. Wale wawili waliowekwa wachungane walikuwa wamepatana, nao raia akabaki katikati.

Majimbo mengine hayakutaka kuwa mkono wa Washington. Maryland haikutunga kabisa sheria yake ya kusaidia. New York iliifuta yake mwaka 1923, kwa sahihi ya gavana Al Smith, Mkatoliki. Katika mwaka 1928 alipotaka uprezida, wengi walimtupia mambo mawili pamoja: pombe na Papa. Alishindwa.

Wala tusidhani ya kuwa majimbo yalikuwa malaika. Tarehe 7 Novemba 1922 watu wa Oregon walipiga kura wenyewe, 115,506 juu ya 103,685, ya kwamba kila mtoto wa miaka 8 mpaka 16 lazima asome katika shule ya serikali. Ku Klux Klan na Wafarmasoni walisukuma sana jambo hilo, na kila mtu alijua ni shule gani zilizolengwa. Masista wa Majina Matakatifu ya Yesu na Maria walikwenda tribinalini, pamoja na shule moja ya kiaskari isiyokuwa ya Wakatoliki. Hapo serikali ya mbali ilifanya ile kazi waliyoitumaini wazee wa 1787: tarehe 1 Juni 1925 Tribinali Kuu ilitamka, bila hakimu hata mmoja kupinga, ya kwamba mtoto si mali ya serikali, na wazazi wana haki ya kumchagulia shule. Papa Pius XI aliitaja hukumu hiyo katika barua yake juu ya malezi ya vijana, mwaka 1929. Sisi, ambao mwishoni mwa mwaka 1974 tuliona shule zetu zikitwaliwa na serikali ya Zaire, na usimamizi wake kurudishwa kwa mapatano ya 1977, twajua uzito wake bila kuelezwa. Kwetu hapakuwa na tribinali ya kuwasikiliza Masista.

Marufuku ya pombe yaliondolewa tarehe 5 Desemba 1933 kwa geuzo la 21, ambalo liliyaacha majimbo yaamue yenyewe. Oklahoma ilikaa kavu mpaka 1959, Mississippi mpaka 1966. Lakini ile hukumu ya Lanza haikufa pamoja na sheria iliyoizaa. Mwaka 2019 mtu mmoja wa Alabama, aliyeadhibiwa na jimbo na tena na serikali kuu kwa bunduki ileile, aliwaomba mahakimu waifute kawaida hiyo. Saba kati ya tisa walikataa.