Kwa nini gari lililoshushwa humaliza matairi upande wa ndani

KATIKA miji ya Afrika Mashariki, gari dogo lililoshushwa limekuwa jambo la kawaida. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi hushusha magari kama Toyota Altezza na Subaru Impreza ili yalale karibu na lami, na wengi huridhika na mwonekano huo mara gari linapotoka gereji. Hasara hudhihirika miezi michache baadaye. Tairi ambalo kwa nje bado lina mistari yake yote huwa limekwisha kuwa kipara upande wa ndani, na pengine nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia.

Wapo wanaolilaumu tairi na wapo wanaoilaumu barabara. Mara nyingi, hata hivyo, chanzo ni kwamba gari lilishushwa, kisha alaimenti ikaachwa kama ilivyokuwa.

Kinachobadilika gari linaposhuka

Gurudumu la mbele halishikwi na springi peke yake. Kwa chini hushikwa na mkono wa chuma ambao mafundi huuita wishboni, na kwa pembeni hushikwa na tairodi inayotoka kwenye usukani. Vyuma hivyo viwili hupanda na kushuka mithili ya mlango katika bawaba zake, kila kimoja kwa urefu wake na kutoka katika egemeo lake. Watengenezaji huvipanga kwa kuzingatia kimo ambacho gari hutoka nacho kiwandani. Gari linaposhushwa sentimita 3 au 5, vyote hubadili pembe, na vipimo viwili vya gurudumu huhama.

Kipimo cha kwanza ni mwinamo, ambao mafundi huuita kemba. Ukilitazama gari kwa mbele, utaona sehemu ya juu ya gurudumu imeinamia ndani, na uzito umeegemea zaidi ukingo wa ndani wa tairi.

Kipimo cha pili ni mwelekeo, ambao huitwa too. Kwa kuwa tairodi na wishboni hazifuati mzunguko mmoja zinapopanda, tairodi husukuma au kuvuta gurudumu. Magurudumu mawili ya mbele huacha kuwa sambamba: ama kingo zao za mbele husogeleana, ama huachana. Lipi kati ya hayo litatokea hutegemea namna tairodi zilivyofungwa katika aina hiyo ya gari.

Mkosaji mkubwa ni mwelekeo

Vijiweni lawama nyingi huiendea kemba, kwa sababu mwinamo huonekana kwa macho. Lakini mwelekeo uliokosewa ndio unaomaliza tairi kwa kasi zaidi. Gurudumu lililogeuka nusu digrii tu kutoka katika njia ya gari huwa kama linaburutwa pembeni karibu mita 9 katika kila kilomita 1 ya safari. Kwa mwendo wa kilomita 1,000, huo ni msuguano wa karibu kilomita 9. Katika tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, nusu digrii hiyo ni tofauti ya milimita 5 tu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma, tofauti ambayo ni vigumu kuigundua kwa jicho.

Yanapokutana yote mawili, yaani uzito kuegemea ndani na kingo za mbele kuachana, ukingo wa ndani huisha upesi mno.

Ikumbukwe pia kwamba gari kwenda moja kwa moja bila kuvuta upande si uthibitisho kuwa alaimenti ni sahihi. Magurudumu yote mawili yakikosea kwa kiasi kilekile, gari hunyooka vizuri huku matairi yakiendelea kuliwa.

Namna ya kulisoma tairi

Tairi lenyewe hueleza tatizo kwa anayelikagua. Likilika katikati, upepo umezidi. Likilika kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka, shokapu zimechoka au gurudumu halina balansi. Likilika ukingo wa ndani pekee, mtuhumiwa ni mwinamo au mwelekeo.

Ili kutofautisha hayo mawili ya mwisho, pitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, kisha kinyume chake. Ukihisi ulaini upande mmoja na makali kama meno ya msumeno upande mwingine, mwelekeo umeharibika. Fanya hivyo kwa uangalifu, kwani nyuzi za chuma zilizojitokeza hukata mkono.

Kazi inavyopaswa kufanywa

Kwanza, springi zisikatwe kwa mashine wala kupashwa moto. Moto huondoa ugumu wa chuma, na springi fupi iliyokatwa inaweza kuchomoka katika kikalio chake gurudumu linaponing'inia. Zitumike springi zilizotengenezwa kwa ajili ya gari husika, pamoja na shokapu zinazolingana nazo.

Pili, boliti za wishboni zenye bushi za mpira zikazwe kabisa gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake. Zikikazwa gari likiwa kwenye jeki, mpira hubaki umesokotwa na hupasuka mapema.

Tatu, bushi na tairodi zilizolegea zibadilishwe kabla ya kupima, kwani kipimo cha chuma kinachocheza hakidumu.

Nne, alaimenti ipimwe mara tu gari linaposhushwa, kwa magurudumu yote manne, na irudiwe baada ya wiki mbili hivi springi zinapokuwa zimetulia. Balansi ni kazi nyingine. Huondoa mtetemo, lakini hairekebishi pembe.

Magari hayafanani. Toyota Vitz ina mhimili mmoja kwa nyuma, hivyo kuishusha hakubadilishi sana pembe za huko. Altezza ina wishboni mbele na nyuma, na magurudumu yake yote manne huathirika. Impreza ina boliti ya kurekebishia kemba kwenye shokapu za mbele. Gari lisilo na nafasi ya marekebisho ya namna hiyo huhitaji boliti maalumu, la sivyo mwenye gari akubali kulishusha kidogo tu.

Kubadilishana matairi ya mbele na ya nyuma hakuponyi kasoro hii. Huhamisha tu uharibifu kwenda kwenye matairi yaliyokuwa mazima.

Tairi lililokwisha upande wa ndani hupoteza uwezo wa kushika lami wakati wa mvua, na linaweza kupasuka katika mwendo wa kasi kwenye barabara kuu. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vijivimbe vidogo vya kimo cha milimita 1.6. Mpira ukilingana navyo, hata kama ni kwa ndani tu, tairi hilo limekwisha. Mwenye gari lililoshushwa anashauriwa kukata usukani hadi mwisho, kuinama na kumulika upande huo kwa tochi walau mara moja kwa mwezi, na kila mara kabla ya safari ndefu.